Kocha Aliyesema Funga

Mtu huyu alichelewa kanisani, arusini, hospitalini na hata kwenye sherehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, ambapo tulikata keki bila yeye tukaimaliza. Lakini ikiwa ni siku ya barafu, alifika mlangoni pa uwanja kabla ya mlinzi. Mlinzi alimkuta amesimama na thamosi yake ya chai ya tangawizi, amevaa sweta juu ya sweta, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni, na sisi wengine tunatiririkwa na jasho maana Durban ni Durban, hata asubuhi.

"Kwani unasikia baridi hapa nje, Mzee?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Bado," akasema. "Lakini mimi ninaijua. Inakuja."

Tulimwita Kocha. Wachezaji wenyeji walimwita Baba. Wakongo wenzake wa Isipingo, alikokuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi ya teksi, walimwita Monsieur Barafu, na walikuwa wanamcheka. Siwalaumu. Hebu wewe mpigie simu shangazi yako umwambie kuna mzee kutoka Bukavu anafundisha hoki ya barafu Durban, watu wanateleza kwa viatu vyenye visu na kupigania kitu cheusi cha mviringo mfano wa kitumbua kilichoungua. Atakuuliza kama umekula.

Mimi ndiye niliyekanda misuli ya timu ile. Ni Mkenya wa Nakuru, mtaalamu wa viungo, nafanya kazi kwenye kliniki moja ya Morningside na naishi Umbilo. Kocha aliniita Docteur. Nilimwambia mimi si daktari. Akaniuliza, "Mutu akianguka, nani anakimbia kwake?" Nikasema ni mimi. "Alors," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Ligi yenyewe ilikuwa mpya kabisa. Watu walikuwa wamecheza hoki ya barafu nchini kwa miaka mingi kama burudani ya Jumamosi, ila huu ulikuwa msimu wa kwanza wa wachezaji kulipwa. Timu zilikuwa chache: Johannesburg, Pretoria, Cape Town na sisi. Mwenye timu yetu, mama mmoja mfanyabiashara ambaye wote tulimwita Mwenyekiti, alikuwa ameajiri kocha kutoka Ulaya. Bwana yule hakuja. Wengine walisema ni visa, wengine walisema mke wake alitazama ramani akakataa. Msimu ukakaribia, timu haina mtu. Kocha alikuwa akifundisha watoto pale uwanjani kwa kujitolea, miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo Mwenyekiti akamwita akamwambia: shika timu kwa muda. Usipomaliza mkiani, kazi ni yako. Ukimaliza mkiani, nitatafuta mwingine.

Wanaume wa umri wake hupenda kuzunguka mbuyu wakitaka jambo. Yeye hakuzunguka. "Docteur," aliniambia siku ile ile, "hii kazi mimi nayitaka. Nilikuwa étudiant, mwanafunzi, kule Quebec, Canada, kijana, nikacheza kipa. Nikarudi nyumbani, vita ikanitoa. Tangu nifike hapa minatengeneza simu ya watu, lakini nikilala, minaota barafu. Nimezeeka, hakuna mutu mwingine ataniita."

Niliogopa kwa ajili yake, nasema kweli, na nikaogopa msimu mzima.

Sifa zake alizitoa kwa ubahili. Ukifanya jambo la ajabu, ukawapita watu watatu ukamchezesha kipa akabaki amekaa chini, Kocha alisema, "Si mbaya." Hiyo ndiyo ilikuwa medali. Nahodha wetu Thabani, kijana wa Kizulu mwenye mabega mapana kama mlango, alijifunza neno hilo akawa analitafuta kila mazoezi. Akitoka kwenye barafu ananiuliza, "Sisi," ndivyo wanavyomwita dada huku, "amesema si mbaya?" Nikimwambia hapana, anarudi na hasira anafanya vizuri zaidi.

Wakicheza kwa papara, Kocha alisimamisha mazoezi akauliza kwa upole kabisa: "Mbona munakimbia? Nani anawafukuza?" Basi walianza upya, polepole, na nakwambia, polepole yao ilikuwa ya kasi kuliko ile mbio. Maagizo mengi aliyatoa kwa Kiingereza chake chenye kona za Kifaransa, kwa kuwa timu ilikuwa mchanganyiko: Wazulu, Wahindi wa Durban, Wazungu, na Mkenya mmoja. Kiswahili alikiweka kwa ajili yangu na huyo Mkenya.

Mkenya huyo ni Musyoka, beki wetu, kijana wa Machakos aliyekuja Durban kusomea uhandisi. Kuteleza alijifunzia Nairobi kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli, na hiyo ilionekana: alikuwa hodari sana wa kugeuka mahali padogo, lakini ukimpa uwanja mzima anaogopa kana kwamba ameachwa jangwani. Kocha alimpa kazi moja tu. Kaa nyuma. Usivuke mstari wa katikati. Musyoka alitii, lakini nilikuwa nikimkanda magoti na aliniambia ya moyoni. "Auntie, Kocha hajawahi kuniamini na goli. Mamangu ananiuliza kila wiki kama nimefunga, namwambia mimi ni beki, anasema sawa, lakini umefunga?"

Matusi Kocha aliyapiga marufuku. Mchezaji akitoa tusi, anakaa benchi. Yeye mwenyewe hakutukana, aliwaombea waamuzi dua. Alisimama pembeni na tabasamu la shemasi akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Mungu akupe macho, mtoto wangu. Akupe mawili." Mwamuzi anadhani anabarikiwa, anamwinamishia kichwa kwa shukrani. Mimi na Musyoka tulikuwa tunaangalia chini, mbavu hatuna.

Na msije mkadhani namsifu mtakatifu. Mzee yule alikuwa mwizi wa dama. Wachezaji wakijiandaa, yeye na mlinzi waliweka ubao kwenye kaunta wakacheza kwa vifuniko vya soda, na mkono wake ulikuwa na tabia ya kupita juu ya ubao kana kwamba unafukuza nzi. Nzi akiondoka, kete moja ya mlinzi nayo imeondoka. Ukimwambia, anakuangalia usoni kwa huzuni. "Mama, mimi? Mutu wa kanisa?" Kete iko mkononi!

Jambo jingine ni makoti. Watu wa Durban hawana nguo za baridi za maana. Jumamosi walikuja uwanjani moja kwa moja kutoka ufukweni, miguu ina mchanga, kaptura na kandambili. Kipindi cha kwanza wanashangilia, cha pili meno yanagongana, cha tatu viti vitupu. Kufungwa kulimuuma Kocha, lakini viti vitupu vilimuuma zaidi. Siku moja akaenda kanisani kwao, akachelewa kama kawaida, akasimama mbele akaomba makoti. Wakongo wana makoti jamani! Watu wa milimani wale, kila mmoja alikuwa na koti alilotoka nalo nyumbani ambalo Durban halina kazi. Akayaleta kwa magunia, akafunga kamba mlangoni akayatundika. Unaingia, unachukua, ukitoka unarudisha.

Nilimwona bwana mmoja mnene mwenye ndevu amejikunja kwa raha ndani ya koti la kike la zambarau lenye manyoya shingoni, anapuliza vuvuzela. Alibaki mpaka mwisho. Mengine yalipotea, ndiyo. Kocha akasema mtu anayeiba koti Durban ana shida kubwa kuliko zetu, mwacheni.

Lakini tulikuwa tunafungwa. Lazima niseme. Cape Town walitufunga, Johannesburg walitufunga kwao na kwetu, Pretoria tuligawana nao. Safari moja tulirudi kutoka Johannesburg baada ya kupigwa vibaya, basi lote limenuna, hakuna hata anayetafuna kitu. Tulikuwa tumelala njiani, na asubuhi, kule juu ya mlima kabla barabara haijaanza kuteremka kuja kwetu, Kocha akamwambia dereva asimame. Ilikuwa majira ya baridi, majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu. Akashuka na sweta zake zote, akaanza kutembea juu ya majani yale, yanalia chini ya viatu vyake. Akatugeukia uso umemjaa furaha.

"Mushuke! Iko barafu ya bure!"

Walishuka. Vijana wa Durban ambao hawajawahi kuona majani yameganda waliyagusa kwa vidole. Thabani aliteleza akaanguka chali, nahodha mzima, na basi lote likaangua kicheko, la kwanza tangu mechi. Kocha hakusema neno kuhusu mechi. Alituachia dakika zetu, kisha akatuambia twende nyumbani. Wiki iliyofuata tukawafunga Cape Town, na mimi nikaanza kutumaini, ingawa nilijikataza.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye mechi ya mwisho. Tulikuwa wa tatu, Pretoria wanatufuata kwa karibu, na mechi yenyewe ilikuwa dhidi yao, nyumbani kwetu, Jumamosi mchana. Sare ingetutosha. Tukifungwa, tunakwenda mkiani na Kocha anarudi kwenye simu zake. Kila mtu uwanjani alijua, hata yule bwana wa koti la zambarau. Kocha alifika mapema kupita mapema yake ya kawaida, na siku hiyo hakucheza dama.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, kilikuwa kinaisha, mbili kwa mbili. Pretoria walikuwa wametukalia kooni. Kipa wetu alikuwa analala, anaamka, analala. Kocha, ambaye msimu wote aliongea Kiingereza na timu, alipandwa na joto likamrudisha kwao. Akawa anapiga kelele kwa Kiswahili tupu. Kisha mpira ule mweusi ukagonga ubao, ukaruka, ukatua kwenye fimbo ya Musyoka, pale pale mbele ya goli letu.

"Funga!" Kocha akapiga kelele. "Funga, Musyoka! Funga! Funga!"

Hapa nisimame kidogo nieleze, maana bila hili hutanielewa. Kiswahili chao na chetu ni ndugu waliolelewa nyumba mbili. Kwetu Kenya, mtu akiwa uwanjani na mpira ukamwambia funga, umemwambia tia goli. Hakuna maana nyingine, mtoto mdogo anajua. Kwa Kocha, goli linaingizwa. Kufunga ni kufunga mlango. Rudi nyuma, ziba njia, kaa hapo usitoke, sare inatutosha. Mimi nimekaa na Wakongo miaka, nikaisikia ile "funga" kwa masikio yote mawili kwa wakati mmoja.

Musyoka aliisikia kwa sikio moja. Niliuona uso wake ukibadilika. Beki aliyekatazwa kuvuka mstari tangu siku ya kwanza, leo Kocha mwenyewe anamwita kwa jina, mbele ya watu wote, anamwambia funga. Akaondoka.

"Anaenda wapi?" Kocha akasema. "Docteur, huyu anaenda wapi?"

"Anakwenda kufunga," nikasema.

"Afunge hapa!"

Kocha amechelewa. Musyoka alikuwa ameshavuka mstari wa katikati, nyuma yetu mlango uko wazi kabisa, hakuna beki, hakuna kitu. Kocha alivua kofia akajifunika nayo macho, Mungu ni shahidi yangu, kilichofuata hakukiona. Pretoria nao hawakumtarajia, nani anamtarajia beki? Walimngoja atoe pasi. Hakutoa. Alimfikia mtu wa mwisho pale pembeni, mahali padogo, akageuka kama alivyojifunza kwenye kile kiwanja cha hotelini, akapiga. Nikaona wavu umetikisika.

Sijui nilifanya nini baada ya hapo. Naambiwa nilimkumbatia mwamuzi. Tulibaki tatu kwa mbili mpaka kengele, makoti yakarushwa juu, mengine yakaangukia kwenye barafu. Kocha alikuwa bado ameshika kofia usoni, anauliza, "Imeingia? Imeingia kwetu?"

"Kwao, Mzee! Imeingia kwao!"

Chumbani, wachezaji wakiimba Kizulu na kugonga makabati, Musyoka alikuja mbele yake machozi yanamtoka. "Asante, Kocha. Asante kwa kuniamini." Kocha akafungua mdomo, akaufunga. Mwishoni akasema, "Si mbaya," na Thabani akapiga yowe la wivu.

Nilimvuta kwenye korido. "Ulisema funga."

"Nilisema afunge mlango!"

Tukaangaliana. Halafu tukacheka, jamani, tukacheka mpaka tukashikilia ukuta, kiuno chake kibovu kinamuuma anacheka tu. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Sasa hiyo iishie hapa. Tunaojua ni mimi na wewe. Kazi umepata." Alikuwa anapangusa macho, nikadhani amekubali.

Video ya goli lile ilizunguka. Watu wa hoki ambao hawakuwahi hata kujua Durban kuna barafu waliandika kwamba kocha wetu ana moyo wa simba, sare inamtosha na bado anamtuma beki. Mwenyekiti akamwita ofisini. Kocha akaniomba niende naye, kwa sababu Mwenyekiti huongea Kiingereza cha haraka na yeye akiwa na wasiwasi maneno humkimbia. Alichelewa, bila shaka. Mwenyekiti hakujali. Alitukaribisha uso wote unacheka.

"Bodi inataka kujua ulifikiria nini," akamwambia. "Ule uamuzi. Nieleze mpango wako, nikawaeleze, tumalize hili jambo lako."

Nilitabasamu. Nilikuwa hata nimemwandalia maneno akinipa nafasi ya kutafsiri. Kocha akavua kofia, akaiweka gotini.

"Madam, mpango haukuwepo," akasema, kwa Kiingereza ambacho sikuwahi kumsikia akikisema kwa usafi hivyo. "Mimi nilimwambia akae nyuma. Yeye alisikia nenda kafunge. Ni neno moja, kwake liko hivi, kwangu liko vile. Goli ni la kijana. Kosa lilikuwa langu, nilisahau naongea na nani."

Tabasamu la Mwenyekiti lilipungua kama maji kwenye beseni lenye tundu. Akauliza, ili ahakikishe, "Kwa hiyo ilikuwa bahati?" Kocha akasema kijana alipiga vizuri sana, hiyo si bahati, lakini kumtuma, ndiyo, ilikuwa bahati. Mwenyekiti akatazama dirishani. Akasema atazungumza na bodi na watatujulisha.

Nilishikilia hasira mpaka kwenye maegesho. Hapo nikalipuka.

"Mzee, nani alikutuma useme?"

"Yeye aliuliza. Si ulisikia?"

"Kete za dama unaiba mchana kweupe, leo ndiyo umekumbuka ukweli? Umejitilia kitumbua mchanga kwa mkono wako mwenyewe!"

"Dama ni mchezo."

"Na hoki ni nini?"

Akafikiri. "Hoki ni kazi," akasema. Kisha akaniambia kile ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu siku ile. "Docteur, nikimwambia iko mpango, mwaka ujao atasema, Kocha, lete ule mpango mwingine. Nitautoa wapi? Kazi nayitaka, lakini nayitaka niifanye mimi. Haiko yule mutu wa kwenye video."

"Na mtoto? Musyoka atajisikiaje?"

"Nilimpigia asubuhi. Nilitaka asikie kwangu kwanza."

Sikuwa nimejua. Nilikuja kumuuliza Musyoka mwenyewe, akanieleza anacheka na kuumia pamoja. Alikuwa amemwambia Kocha, "Lakini mimi nimeshamwambia mamangu kwamba uliniamini." Kocha akamjibu, "Mwambie tena vizuri. Mwambie Kocha alisema funga, na mtoto wake akafunga. Haiko uongo hata kidogo." Halafu akaongeza kwamba akirudi, yeye Kocha, atambadilishia ule mstari, kwa sababu sasa ameona kwa macho yake anachoweza. Akirudi.

Pale maegeshoni nilimwambia huenda asirudi. Nilikuwa mkali, nilitaka aumie kidogo kama nilivyoumia mimi. Akasema inawezekana. Akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akageuka akaanza kutafuta teksi ya Isipingo.

Wiki zikapita. Bodi kimya. Uvumi ukaanza, kama kawaida, kwamba kuna kocha wa Kicheki ameonekana kwenye hoteli moja mjini, kwamba ametembezwa uwanjani na kupigwa picha. Mlinzi aliniambia amemwona kwa macho yake, ingawa nilipomuuliza sura alinieleza mtu ambaye ningeapa ni fundi wa mabomba. Kocha aliendelea na watoto wake wa Jumamosi. Sikumpigia simu. Niliogopa kumsikia akijifanya mzima.

Nilimwona alasiri moja Umbilo Road. Nilikuwa natoka kazini, nimesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, nyekundu imewaka, foleni ndefu nyuma yangu. Nikaona kofia ya sufu inavuka kati ya magari, jua kali vile. Ni nani mwingine? Nikashusha kioo.

"Kocha!"

Akageuka, akanitambua, akaja taratibu mpaka dirishani. Akaweka mikono miwili juu ya mlango wa gari langu kana kwamba tumekutana sebuleni.

"Docteur! Habari ya siku mingi? Mama ya Nakuru anaendelea aje na ule mguu?"

"Mama mzima. Kocha, wamesema nini?"

"Na watoto? Yule mkubwa alimaliza mitihani?"

"Alimaliza, alipita, wote wazima! Bodi imesema nini?"

"Aksanti Mungu. Kupita ni kitu kikubwa. Sasa atasomea nini?"

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi. Kocha aligeuka akampungia mkono yule dereva kwa heshima, kama mtu anayesalimiwa. Honi nyingine zikaongezeka, mtu akatoa kichwa dirishani akatuita majina ambayo yangemweka benchi msimu mzima.

"Eish, Mzee, nitapigwa hapa! Niambie tu! Ndiyo au hapana?"

Akainama, uso wake ukaingia dirishani, na nikaona kwamba alikuwa amenificha jibu kwa makusudi. Alitaka kulisema polepole. Alikuwa amelingoja maisha yote, kwa nini alikimbize?

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mama. Wamesema ndiyo." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja. "Sasa endesha, watu iko na kazi."

Nikaendesha. Sikuona vizuri barabara kwa machozi, nikapitiliza kona ya nyumbani kwangu, na waliokuwa wananipigia honi walikuwa wameshanyamaza. Basi nikaanza mimi. Nilipiga honi peke yangu kama gari la arusi mpaka mtaa wa Glenwood, na watu walipogeuka kuniangalia nikawapungia mkono.